Saa moja kwa siku kwa mtoto aliyefika darasa la nne bila kujua kusoma

Darasa la nne lenye watoto 80 huwa ni madarasa manne au matano yaliyobanwa ndani ya chumba kimoja. Wamo watoto wanaosoma hadithi ya ukurasa mzima na kuisimulia vizuri. Wamo wanaosoma aya kwa kusuasua, wamo wanaotambua maneno mafupi tu, na wamo ambao hawajajua bado kwamba b ikikutana na a inatoka ba. Mwalimu anaingia na somo moja, kipindi kimoja, ubao mmoja. Silabasi inasema leo ni nyakati za vitenzi, basi anafundisha nyakati za vitenzi. Wale wa mbele wanajibu, yeye anaona somo limekwenda. Wale wengine wananakili ubaoni, na wengi wao wananakili kwa mwandiko mzuri sana. Daftari limejaa, vema nyekundu zimepigwa, na mtoto hawezi kusoma hata sentensi moja aliyoiandika mwenyewe.

Kuanzia mwaka 2009 Kenya, na 2010 Tanzania na Uganda, watu wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu, walipita kaya kwa kaya wakiwapima watoto kwa jaribio la kiwango cha darasa la pili, bila kujali mtoto yuko darasa la ngapi. Kila ripoti imerudia jambo lile lile: watoto wengi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi hawawezi kusoma hadithi fupi ya darasa la pili. Kupima nyumbani kulikuwa na maana yake, kwa sababu kunawafikia hata watoro na walioacha shule, ambao mtihani wa shuleni hauwaoni.

Swali linalogawa watafiti na watunga sera ni nini kifanyike na mtoto huyo ambaye tayari amevuka darasa la pili. Msimamo wangu ni huu: atengewe saa yake katika ratiba, kila siku, na katika saa hiyo afundishwe kwa kiwango alichofikia, hata kama umri wake na darasa lake vinasema vingine. Ushahidi wa hili ni mzito kuliko wa karibu kila kitu kingine tunachokigharamia katika elimu ya msingi. Na bado saa hiyo ndiyo ya kwanza kuliwa ratiba inapobana.

Watafiti waliona nini

Mfano unaopaswa kumsumbua kila anayenunua vitabu kwa ajili ya shule unatoka Busia, magharibi mwa Kenya. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule zilizopewa vitabu vya kiada bure na kuzilinganisha na shule ambazo hazikupewa. Kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni watoto waliokuwa tayari wanaongoza. Sababu haikuwa uvivu wa mtu: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu, na viliwalenga wale wanaoimudu silabasi. Mtoto asiyeweza kukisoma kitabu hakimsaidii hata ukimpa viwili.

Utafiti wa pili pia ni wa magharibi mwa Kenya, wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer, kuanzia 2005. Shule 121 zilizokuwa na mwalimu mmoja wa darasa la kwanza ziliwezeshwa kuajiri wa pili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa mikondo miwili kwa kura, na katika nusu nyingine waligawanywa kwa alama, wa juu huku na wa chini kule. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele, na waliopanda walikuwa wa pande zote mbili, wenye alama za juu na wenye alama za chini. Hofu kwamba mtoto dhaifu ataporomoka akikosa wenzake wenye akili haikutimia pale. Mwalimu alipopata watoto wanaokaribiana aliweza kufundisha jambo ambalo wengi wao walikuwa tayari kulipokea.

Nawasihi walimu wakuu wasiuchukue utafiti huo kuwa kibali cha kuunda mkondo A wa vipanga na mkondo D wa waliokatiwa tamaa. Kule ulikuwa mgawanyo wa darasa la kwanza, na mwalimu mpya aliongezwa. Mkondo wa kudumu unaopangwa darasa la tatu na kuachwa hivyo hadi darasa la saba ni kitu kingine kabisa: mwalimu mzuri anapelekwa A, vitabu vinapelekwa A, na mtoto wa D anajua bila kuambiwa kwamba shule imekwisha mwacha.

Njia ninayoizungumzia hapa ilikuzwa India na shirika la Pratham, lililoanza Mumbai mwaka 1995. Mwanzoni, huko Mumbai na Vadodara, mabinti wa mtaani waliomaliza sekondari walichukua watoto 15 hadi 20 waliobaki nyuma na kukaa nao saa mbili kila siku ya masomo. Watoto walipanda. Kisha likaja swali gumu: je, walimu wa serikali wanaweza kufanya hivyo hivyo?

Jibu lilitoka jimbo la Bihar, huko huko India, na kwangu ndilo somo lenye uzito kuliko yote. Walimu wa serikali walipofundisha kwa njia hii katika kambi ya likizo ya Juni 2008, watoto walijifunza. Walimu wa kundi hilo hilo, wakiwa na mafunzo na vifaa, waliporudi kwenye muhula wa kawaida, mabadiliko yalikuwa hafifu. Uwezo wa kufundisha walikuwa nao. Muhula ulipoanza, silabasi iliwarudisha walikotoka, kwa sababu mkaguzi anauliza umefika sura ya ngapi, na hakuna anayeuliza ni watoto wangapi wamejua kusoma tangu Januari. Baadaye, katika jimbo la Haryana mwaka 2012–13, serikali iliongeza saa moja mahususi kwenye siku ya shule, ikawachanganya watoto wa darasa la tatu hadi la tano na kuwapanga upya kwa kiwango cha kusoma. Ikawafunza pia maofisa wa eneo jinsi ya kuisimamia saa hiyo. Hapo kusoma kulipanda. Hesabu haikupanda, na hilo lisifichwe. Katika jimbo la Uttar Pradesh kambi za siku 10 au 20 kwa mkupuo, jumla ya siku 50, zikiongozwa na watu wa Pratham wenyewe, zilileta mabadiliko makubwa kuliko ya Haryana. Zambia ilianza majaribio yake mwaka 2016 katika shule 80, kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano, nayo imeendelea kuyapanua.

Kupima

Kupima hufanywa kwa mdomo, mtoto mmoja mmoja, mbali na masikio ya wenzake. Mtoto akisomeshwa mbele ya darasa, unapima aibu yake. Unahitaji karatasi moja yenye sehemu nne: silabi kama 10, maneno kama 10 ya silabi mbili, aya ya sentensi nne fupi, na hadithi ya sentensi nane hadi kumi.

Anza na aya. Wengi huanza na silabi kwa huruma, na hapo ndipo muda unapopotelea. Mtoto akiisoma aya kwa mtiririko, akikosea mara tatu au pungufu, mpe hadithi. Akisoma neno moja moja kwa kukatakata, hata kama kila neno ni sahihi, hajafika kiwango cha aya. Mrudishe kwenye maneno. Achague maneno matano. Akipata manne, yuko kiwango cha neno. Asipopata, nenda kwenye silabi, tano, apate nne. Asipofika hapo pia, yuko kundi la mwanzo. Andika kiwango cha juu alichokiweza, usiandike alama. Alama 34 kwa 50 haimwambii mwalimu kesho afundishe nini. Neno "silabi" linamwambia.

Kila mtoto huchukua dakika kama 4. Shule yenye watoto 210 katika madarasa matatu inahitaji dakika 840, yaani saa 14. Walimu wanne wakigawana, kila mmoja anapata saa tatu na nusu, asubuhi mbili. Hoja kwamba kupima kunakula muhula haisimami.

Karatasi ya kupimia isibandikwe ukutani wala kutumika kufundishia. Ikibandikwa, baada ya wiki mbili watoto wanaighani bila kuitazama, na vipimo vijavyo vyote ni uongo. Andaa nakala tatu tofauti zenye ugumu ule ule.

Makundi na yanayofanyika ndani yake

Tuseme kati ya hao 210 umepata 40 wa mwanzo, 50 wa silabi, 45 wa neno, 35 wa aya na 40 wa hadithi. Kwa walimu wanne, waunganishe aya na hadithi, watoto 75, chini ya mwalimu mmoja, kwa sababu wengi wao wanaweza kusoma wawili wawili bila kushikwa mkono. Kundi la mwanzo lipewe mwalimu hodari kuliko wote, na kama kuna mwalimu wa kujitolea, asaidie huko. Shule nyingi hufanya kinyume chake, zikimpeleka hodari darasa la saba kwa ajili ya ufaulu na kuwaachia wa mwanzo yeyote aliyebaki. Hapo mpango unakufa siku ya kwanza.

Kiswahili kinatupa nafasi ambayo mwalimu wa Kiingereza hana. Irabu ni tano, hazibadiliki, na silabi karibu zote huishia na irabu. Mtoto akizijua silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Ukianza na silabi sita tu, ma, ba, ka, la, ta na sa, tayari unapata mama, baba, kaka, bata, kata, taka, lala, kama, saba, sala na kasa. Maneno 11 yenye maana, wiki ya kwanza. Andika silabi kwenye vipande vya boksi, kila watoto wanne wapate seti yao, watandaze sakafuni na kuunda maneno. Vizibo vya soda vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito vinafaa vilevile, na havichaniki.

Jedwali la silabi lina hatari yake. Ba-be-bi-bo-bu ikiimbwa kwa mpangilio ule ule kila siku inakuwa wimbo. Mtoto anauimba vizuri akiangalia nje. Imbeni dakika tatu, kisha mwalimu aguse silabi ovyo: kutoka chini kwenda juu, kwa kuruka, kwa kurudi nyuma. Anayejua atajibu, aliyekuwa akiimba tu ataonekana papo hapo.

Mpangilio wa kwenda mbele nao una sababu. Konsonanti moja kwanza, kisha sh na ch, halafu mb, nd, nj, nz, mv na ng, kisha mw, bw na kw, na mwisho mbw na nyw za mbwa na kunywa. Watoto wanakwama hasa mahali pawili. Pa kwanza ni m inayosimama peke yake kama silabi: m-tu, m-to-to, m-ke. Aliyezoea ma-me-mi-mo-mu anasoma "mutoto", au anasimama kabisa akitafuta irabu ambayo haipo. Mpigishe makofi kwa kila silabi, mtoto ni makofi matatu, ndipo masikio yatamsaidia macho. Pa pili ni ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe. Kikoma kile cha juu ni kidogo sana machoni pa mtoto, na mwalimu mwenye haraka hukisahau ubaoni. Kiandike kikubwa.

Kuna pia matamshi ya nyumbani. Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi l na r atasoma kula kama kura. Katika kupima kusoma, usilihesabu kuwa kosa ikiwa ndivyo anavyozungumza siku zote. Jicho lake limeona herufi sahihi. Katika kuandika lishughulikie, kwa sababu kula na kura havifanani.

Kundi la neno linavuka kwenda aya kwa kurudia kusoma. Aya moja fupi husomwa mara tatu kwa siku moja: mwalimu akiwaongoza kwa kidole chini ya maneno, kisha wawili wawili, kisha mtoto peke yake. Kinachowazuia hapa ni urefu wa vitenzi. Wanatusaidia ina silabi saba, na mtoto akifika dia amesahau wana. Mfundishe kukata neno mahali penye maana, wana-tu-saidia, naye ataanza kuzitambua wana, tuna, hawa na hatu kama vipande anavyovifahamu. Kundi la hadithi lisiachwe lisome tu. Waulize maswali ambayo jibu lake halimo kwenye sentensi yoyote, kama kwa nini mzee alinyamaza, au wewe ungefanya nini. Wapo watoto wanaosoma hadithi nzima kwa sauti ya kupendeza bila kuelewa kitu, na karatasi ya kupimia isiyo na maswali haitawagundua.

Hapa ndipo penye ubishi juu ya kasi. Vipimo vya kimataifa huhesabu maneno kwa dakika, na hesabu hiyo ikihamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine inapotosha. "Hawakutuambia" ni neno moja kwetu. Kwa Kiingereza ni matano. Kenya ililiona hili na kuweka vigezo tofauti, maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Kasi ina faida yake, kwani anayesoma polepole mno husahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho. Ila isigeuzwe mashindano ya saa ya kusimamisha. Nimuonapo mtoto anayekimbiza maneno ili ashinde dakika, naona tumempa lengo baya.

Kwa nini inavunjika ikikua

Kenya ilijaribu kuwapeleka walimu wa mkataba katika mikoa yote. Mtafiti Tessa Bold na wenzake waligawa kwa kura: baadhi ya nafasi zisimamiwe na shirika la nje, nyingine na serikali. Palipokuwa na shirika watoto walipanda. Palipokuwa na serikali hapakuwa na badiliko. Mishahara ilichelewa, usimamizi ulilegea, na chama cha walimu kilikuwa kinaupinga mpango. Uganda kaskazini, mpango wa Mango Tree wa kufundisha kusoma kwa Leblango, lugha ya watoto wa huko, ulifanya vizuri sana ulipokuwa kamili, wenye vibao vya kuandikia vya watoto na watu wa mradi wakiwatembelea walimu. Toleo la bei nafuu lilipunguza faida ya kusoma, na kwenye kuandika baadhi ya matokeo yalishuka hata chini ya shule ambazo hazikuguswa.

Tanzania tuna ushahidi wetu. KiuFunza, jaribio la shirika la Twaweza, 2013 na 2014, ilihusisha shule 350 katika wilaya 10. Baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi. Katika nyingine, mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo. Nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama, na wazazi nao walipunguza walichokuwa wakitoa. Vyote viwili pamoja viliinua. Wapo wanaosikia hapo kwamba walimu ni wavivu hadi waonyeshwe fedha, nami naukataa usomaji huo. Ninachokiona ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu alimuuliza mwalimu kuhusu kila mtoto, jina kwa jina, kama amejua kusoma au la, na alimuuliza huku vifaa vikiwa mezani. Swali hilo linaweza kuulizwa bila bahasha, kama afisa elimu kata atakuwa na orodha ya viwango mkononi kila anapokuja.

Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa mwaka 2015 ulipunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili ili kusoma kupate nafasi, na ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini darasa la tatu masomo yanarudi yote kwa pamoja, na aliyevuka bila kusoma hana mlango wa kurudi. Saa ninayoitetea ndiyo mlango huo. Iwekwe asubuhi, kati ya kipindi cha kwanza na mapumziko, kwa shule nzima kwa wakati mmoja ili watoto waweze kuhama vyumba. Ikiwekwa saa nane mchana, njaa na safari ya kwenda nyumbani vitaimaliza. Ikiwekwa Jumamosi, wanaoihitaji zaidi ndio wasiokuja.

Baada ya wiki nne hadi sita mnapima tena na kuwahamisha watoto siku hiyo hiyo. Mtoto anayebaki kundi moja raundi mbili mfululizo asiitwe mzito. Tazama kwanza daftari la mahudhurio. Kisha msimamishe mita sita kutoka ubaoni asome herufi unayoifunika na kuifunua, jicho moja baada ya jingine. Wapo watoto waliohesabiwa wajinga miaka mitatu kumbe hawaoni ubao. Simama nyuma yake umnong'oneze maneno matano ayarudie. Uliza lugha wanayozungumza nyumbani, na kama mwalimu mmoja shuleni anaijua, akae naye wiki moja amweleze silabi kwa lugha hiyo. Yakishapita hayo yote na bado ba na da zinamchanganya, akigeuza herufi na kusahau leo alichosoma jana, mwandikie mzazi barua na umpeleke kwa mwalimu wa elimu maalumu wa wilaya, ukiambatisha karatasi zake za vipimo vyote, zenye tarehe.